Anna Julia Cooper: Mwalimu Aliyewachunguza Wenye Nguvu

Tarehe 23 Machi 1925, katika Chuo Kikuu cha Paris, mwanamke mmoja Mweusi mwenye umri wa miaka 66 alisimama mbele ya jopo la maprofesa wa Kifaransa kuitetea tasnifu yake ya shahada ya udaktari. Mwanamke huyo alikuwa mwalimu wa Kilatini katika shule ya sekondari mjini Washington, Marekani. Alikuwa amezaliwa mtumwa. Wakati ule ilikuwa desturi kwa wataalamu kuwachunguza watu Weusi kana kwamba wao ndio tatizo linalohitaji kuelezwa. Tasnifu yake haikufuata desturi hiyo. Ilihusu Wafaransa: jinsi walivyofikiri, walivyobishana na walivyotenda juu ya utumwa katika miaka ya Mapinduzi yao. Mtu aliyezaliwa akiwa mali ya Wazungu alikuwa amefungua nyaraka za Wazungu na kuwachunguza wenyewe.

Jina lake ni Anna Julia Cooper. Siku hizi katika vyuo vikuu vya nchi mbalimbali kuna tawi la elimu linalochunguza weupe. Wataalamu wa tawi hilo hawashughuliki na rangi ya ngozi yenyewe. Wanauliza jinsi rangi moja ilivyofanywa kuwa cheo, kipimo cha utu na hati ya kutawala, mpaka wenye rangi hiyo wakajiona kuwa wao ni watu tu, na wengine ndio wenye rangi. Wanawake wataalamu wakaongeza swali jingine: mwanamke Mzungu anayeonewa kwa sababu ya jinsia yake, je, anaweza wakati huohuo kuwa mwoneaji kwa sababu ya rangi yake? Maswali hayo yamekuwa mada za tasnifu, hasa tangu miaka ya 1990. Cooper aliyaandika mwaka 1892. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa ajili ya walimu watarajiwa, kwa kuwa maswali hayo hakuanza kuyapata maktabani. Aliyapata shuleni, kwanza akiwa mwanafunzi, kisha akiwa mwalimu.

Utoto na shule ya kwanza

Anna alizaliwa tarehe 10 Agosti 1858 katika mji wa Raleigh, jimbo la North Carolina. Mama yake, Hannah Stanley, alikuwa mtumwa wa ukoo wa Haywood. Baba yake husemekana kuwa ni Mzungu wa ukoo huohuo. Sheria ya majimbo ya utumwa ilisema kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake. Kwa sheria hiyo mwanamume Mzungu aliweza kumzalisha mtumwa wake, kisha akammiliki mwanawe kama anavyomiliki ng'ombe. Anna hakuhitaji kitabu ili ajue kwamba rangi na jinsia hufanya kazi pamoja. Kuzaliwa kwake kulikuwa ushahidi tosha. Katika maisha yake yote alisema machache sana juu ya baba huyo. Heshima yake yote alimpa mama, ambaye hakupata kwenda shule lakini aliweza kusoma Biblia yake na kuandika kidogo.

Utumwa ulipigwa marufuku Marekani mwaka 1865, baada ya Vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1868 kanisa la Kianglikana la nchi hiyo lilifungua mjini Raleigh shule ya Mtakatifu Augustino, ili kuwaandaa walimu na wachungaji miongoni mwa watu waliokombolewa. Anna aliingia shuleni humo akiwa na umri wa miaka tisa hivi. Alijifunza haraka, na akiwa bado mtoto alipewa kazi ya kuwasaidia wenzake katika masomo. Kwa hiyo ualimu aliuanza kabla hajamaliza uanafunzi, jambo ambalo mwalimu yeyote aliyepitia mazoezi ya kufundisha atalielewa vizuri.

Shuleni humo alikutana na mlango wa kwanza uliofungwa. Somo la Kiyunani lilitengwa kwa wavulana waliotarajiwa kuwa wachungaji. Anna aliona kwamba mvulana, hata awe mzito namna gani wa akili, akisema tu kwamba anataka kuwa mchungaji, alitafutiwa ada, vitabu na moyo wa kuendelea. Msichana mwenye akili na hamu aliachwa ahangaike peke yake, akingojea kuolewa. Akaomba aruhusiwe kuingia katika darasa la Kiyunani, na akaruhusiwa. Inafaa kukumbuka kwamba waliomfungia mlango huo hawakuwa wamiliki wa watumwa. Walikuwa watu wema waliojitolea kuwafundisha watu Weusi. Dhuluma ya pili ilijificha ndani ya wema wa kwanza.

Mwaka 1877 aliolewa na George Cooper, mzaliwa wa visiwa vya Karibi, aliyekuwa akisomea uchungaji na kufundisha Kiyunani shuleni hapo. Mwaka 1879 mume huyo alifariki dunia. Anna alikuwa mjane akiwa na umri wa miaka 21, wala hakuolewa tena. Mwaka 1881 aliandika barua kwa Chuo cha Oberlin, jimbo la Ohio, akaomba nafasi ya masomo. Chuo hicho kilikuwa miongoni mwa vichache vilivyowapokea Weusi na wanawake. Hata huko palikuwa na njia mbili: masomo mepesi ya wanawake, na masomo kamili yaliyoitwa ya waungwana wa kiume. Cooper alichagua hayo ya pili. Mwaka 1884 alipata shahada ya kwanza, na miaka michache baadaye chuo hicho kikamtunuku shahada ya pili, katika hisabati.

Kitabu cha mwaka 1892

Mwaka 1887 Cooper aliitwa Washington kufundisha katika shule ya sekondari ya watoto Weusi, ambayo baadaye ilijulikana kama shule ya Mtaa wa M, na tangu mwaka 1916 kama shule ya Dunbar. Akiwa mwalimu huko alitoa kitabu, ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Sauti Kutoka Kusini. Kilichapishwa mwaka 1892. Hoja yake kuu ni kwamba mwanamke Mweusi hawezi kusemewa na mtu mwingine. Mwanamume Mweusi akisimama kusema habari za taifa lake, husahau nusu ya taifa. Mwanamke Mzungu akisimama kusema habari za wanawake, naye husahau wanawake walio wengi. Aliyesahauliwa na pande zote mbili ndiye anayeziona pande zote mbili.

Katika kitabu hicho anaeleza jinsi alivyofika katika kituo kimoja cha gari la moshi akiona vyumba viwili vidogo. Mlango mmoja uliandikwa kwamba ni wa mabibi, na wa pili kwamba ni wa watu wa rangi. Akasimama akijiuliza yeye ni wa mlango upi. Kisa hiki ni kifupi, lakini kinabeba somo zima. Kibao cha kwanza hakikutaja rangi yoyote, kwa kuwa aliyekiandika hakuona haja: kwake, bibi maana yake ni Mzungu. Huo ndio weupe ambao wataalamu wa leo wanauchunguza. Ni cheo kisichotajwa, kwa sababu mwenye nacho hudhani kuwa ndiyo hali ya kawaida ya binadamu.

Cooper hakuwaacha wanawake Wazungu waliokuwa wakipigania haki ya kura. Aliwaunga mkono katika dai lao, lakini akawahoji. Aliandika juu ya chama kimoja cha wanawake mjini Washington ambamo mwanamke Mweusi aliyetaka kujiunga na masomo alikataliwa na katibu wa chama. Alimkosoa pia kiongozi maarufu, Anna Shaw, kwa kuilinganisha hali ya mwanamke Mzungu na ya Mhindi Mwekundu, kana kwamba haki ya mmoja ipatikane kwa kumshusha mwenzake. Kwa Cooper, mwanamke anayedai haki kwa hoja kwamba yeye ni bora kuliko wanyonge wengine, anadai kushiriki katika dhuluma. Vilevile alivipima vitabu vya waandishi Wazungu wa nchi yake. Alionyesha kwamba wengi waliowaelezea watu Weusi walikuwa hawawajui, na kwamba picha waliyochora iliwaeleza zaidi wachoraji kuliko waliochorwa.

Hapa hatuna budi kusema ukweli mmoja ambao wasifu nyingi huuruka. Mwanamke huyu aliyeona wazi upofu wa wengine naye alikuwa na upofu wake. Katika kurasa za mwanzo za kitabu hichohicho alizungumzia Uislamu na nchi za Mashariki kwa dharau, akiamini kwamba mwanamke huko hana thamani yoyote, na kwamba heshima ya mwanamke ilitoka katika Ukristo na katika desturi za Ulaya. Hakuwa ameishi katika nchi hizo. Alirudia yaliyoandikwa na Wazungu, yaani alilitazama jambo lile kwa macho yaleyale aliyowalaumu wengine kwa kuyatumia. Hatulitaji jambo hili ili kumshusha. Tunalitaja kwa sababu linathibitisha hoja yake kwa namna ambayo hakuikusudia: hakuna mchunguzi asiyestahili kuchunguzwa.

Mwaka 1893 alihutubia mkutano mkubwa wa wanawake mjini Chicago. Mwaka 1900 alisafiri mpaka London kuhudhuria Mkutano wa kwanza wa Waafrika na watu wenye asili ya Afrika, ulioitishwa na Henry Sylvester Williams wa Trinidad. Alikuwa mmoja wa wanawake wachache waliohutubia hapo.

Vita vya mtaala

Mwaka 1902 Cooper aliteuliwa kuwa mwalimu mkuu wa shule ya Mtaa wa M. Wakati ule palikuwa na ubishi mkubwa Marekani juu ya elimu ya mtu Mweusi. Wengi wa wenye mamlaka, pamoja na matajiri waliotoa fedha, walipendelea afundishwe kazi za mikono tu: useremala, upishi, ushonaji na kilimo. Cooper hakuzidharau kazi hizo. Alichokataa ni mtu mwingine kuamua, kabla mtoto hajafungua daftari, kwamba akili ya mtoto huyo inaishia kwenye randa na sufuria. Katika shule yake watoto wa wapagazi, wafuaji nguo na makarani walisoma Kilatini, hisabati, sayansi na historia. Padri mmoja wa Kifaransa, Félix Klein, aliitembelea shule hiyo mwaka 1903, akaandika habari za somo la Kilatini alilolikuta likifundishwa na mwalimu mkuu mwenyewe. Baadhi ya wanafunzi wa Cooper walipokewa katika vyuo vikuu vya Harvard, Yale na Brown.

Mafanikio hayo hayakumfurahisha kila mtu. Mkurugenzi Mzungu wa shule za sekondari alitaka masomo yapunguzwe ugumu, na vitabu vya kiada viwe vya kiwango cha chini. Cooper alikataa. Mwaka 1905 yalizuka mashtaka: kwamba nidhamu shuleni ni hafifu, kwamba mwalimu mkuu hafuati vitabu vilivyoidhinishwa, na pembeni yake uvumi juu ya maisha yake ya nyumbani. Mwaka 1906 bodi ya elimu haikumpa tena kazi yake.

Mwanachuo atazame vizuri kilichokuwa kikigombewa. Kama mtoto Mweusi ameweza kusoma Kilatini na kufaulu mtihani uleule wa mtoto Mzungu, basi sababu iliyotolewa ya kumweka chini imekufa. Cheo cha weupe kilisimama juu ya dai kwamba Weusi hawawezi. Kila mwanafunzi aliyefaulu alikuwa ushahidi kinyume cha dai hilo, na kila kitabu chepesi kilichopelekwa shuleni kilikuwa njia ya kuuzuia ushahidi usipatikane. Mtaala haukuwa jambo la ofisini tu. Ulikuwa mahali ambapo nguvu ya watu fulani ililindwa.

Njia ndefu ya udaktari

Cooper alikwenda kufundisha katika chuo kimoja jimboni Missouri kwa miaka minne. Mwaka 1910 aliitwa arudi katika shule yake ya zamani, safari hii akiwa mwalimu wa kawaida wa Kilatini. Alikuwa na umri wa miaka 52. Mwingine angehesabu miaka iliyobaki kabla ya kustaafu. Yeye alianza masomo upya. Katika likizo za mwaka 1911 hadi 1913 alisoma Kifaransa mjini Paris, na mwaka 1914 akajiandikisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa masomo ya udaktari.

Columbia ilidai mwanafunzi akae chuoni mwaka mzima. Mwaka 1915 Cooper alichukua watoto watano waliofiwa na mama yao, wajukuu wa kaka yake, mdogo wao akiwa mchanga wa miezi michache. Alikuwa na umri wa miaka 57, hana mume, na mshahara wake ni wa mwalimu. Aliwanunulia nyumba, akawalea, akaendelea kufundisha, na usiku akasoma. Mwaka wa kukaa chuoni haukupatikana. Hatimaye alihamishia masomo yake Chuo Kikuu cha Paris.

Mwaka 1924 alikwenda Paris kupekua nyaraka. Huko zikamfikia habari kwamba asiporudi kazini katika muda wa siku 60 atapoteza nafasi yake, na pamoja nayo haki ya pensheni. Alirudi kabla muda haujaisha. Tasnifu ikaandikwa kati ya vipindi, kwa msaada wa maktaba ya Bunge la Marekani iliyopo Washington na nakala alizoagiza kutoka Ufaransa. Wanawake Weusi watatu wa Marekani walikuwa wamekwisha kupata udaktari, wote mwaka 1921: Georgiana Simpson, Sadie Mossell na Eva Dykes. Cooper alikuwa wa nne.

Yaliyokuwemo katika tasnifu

Tasnifu ilichunguza msimamo wa Ufaransa juu ya utumwa wakati wa Mapinduzi. Mwezi Agosti 1789 Wafaransa walitangaza kwamba watu wote huzaliwa huru na wenye haki sawa. Wakati huohuo, katika koloni lao la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti, karibu nusu milioni ya watumwa walikuwa wakifanya kazi katika mashamba ya miwa na kahawa. Swali la Cooper lilikuwa hili: watu waliotangaza usawa waliwezaje kuishi na utumwa?

Alizifuata hoja zao hatua kwa hatua. Palikuwa na Jumuiya ya Marafiki wa Watu Weusi, iliyoundwa mwaka 1788, iliyotaka biashara ya watumwa ikomeshwe polepole. Palikuwa na Klabu ya Massiac, ya wenye mashamba waliokaa Paris, waliofanya kila njia ili Bunge lisiliguse suala hilo. Machotara huru, ambao baadhi yao nao walimiliki watumwa, walidai haki za uraia. Mwezi Mei 1791 Bunge likawapa haki wachache miongoni mwao, na mwezi Septemba likawanyang'anya. Kati ya miezi hiyo miwili, Agosti 1791, watumwa wenyewe waliinuka. Tarehe 4 Februari 1794 Bunge la Paris likatangaza mwisho wa utumwa katika makoloni, wakati ambapo koloni lilikuwa limekwisha kuwaka moto na maofisa wa Kifaransa huko walikuwa wametangaza uhuru tangu mwaka uliotangulia. Mwaka 1802 Napoleon aliamuru kurejeshwa kwa utumwa. Tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikatangaza uhuru wake.

Katika mfululizo huo Cooper alionyesha kwamba suala la utumwa halikuwa pembezoni mwa Mapinduzi. Lilikuwa mtihani wake. Waliosema watu wote walikuwa na mpaka kichwani mwao, na mpaka huo ulikuwa rangi na faida. Waliowalazimisha kuuvuka ni wale ambao hawakuhesabiwa kuwa watu.

Katika jopo lililomsikiliza alikuwemo Célestin Bouglé, mtaalamu wa elimu ya jamii, ambaye alikuwa ameandika kwamba wazo la usawa ni zao la jamii za Magharibi. Cooper hakukubali. Alishikilia kwamba tamaa ya usawa na uhuru imo katika kila mwanadamu, ameiweka Muumba, wala si mali ya taifa moja au rangi moja. Ni jambo la kutafakari: mtahiniwa anapinga nadharia ya mtahini wake, na nadharia yenyewe ndiyo mada ya mtihani, yaani Mzungu kujidhania kuwa ndiye chimbuko la kila jema. Alifaulu. Mwezi Desemba 1925 shahada yake ilikabidhiwa rasmi katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington.

Miaka ya mwisho

Baada ya kupata udaktari alirudi darasani kufundisha Kilatini mpaka alipostaafu mwaka 1930. Mwaka huohuo alikubali kuongoza Chuo Kikuu cha Frelinghuysen, kilichowafundisha watu wazima wafanyao kazi, ambao saa za masomo ya kawaida hazikuwafaa. Fedha za kukodi majengo zilipokosekana, alihamishia madarasa nyumbani kwake. Humo alianzisha sehemu ya kuwafundisha watu wenye elimu ndogo, akaipa jina la mama yake, Hannah Stanley. Binti mwenye udaktari wa Paris aliliandika mlangoni jina la mtumwa ambaye hakupata shule, ili wasiopata shule waingie.

Alifariki dunia tarehe 27 Februari 1964, akiwa na umri wa miaka 105, akazikwa Raleigh kando ya mumewe. Tasnifu yake ilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa mwaka 1988. Mwaka 2009 serikali ya Marekani ilitoa stempu ya posta yenye sura yake.

Funzo kwa mwalimu

Ndugu mwanachuo anaweza kuuliza: mimi nitafundisha shule ya msingi, tasnifu ya Paris yanihusu nini? Inamhusu kwa sababu mbinu ya Cooper inaweza kutumika katika darasa la historia. Tuchukue mfano wa pwani yetu. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Walipelekwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyotawaliwa na Wafaransa, ambavyo leo huitwa Mauritius na Réunion. Bunge la Paris lilipofuta utumwa mwaka 1794, walowezi wa visiwa hivyo walikataa kutii, na wajumbe waliopelekwa mwaka 1796 kuitekeleza amri hiyo walifukuzwa.

Kwa kawaida mwalimu hufundisha somo hili kwa kueleza misafara, minyororo na mateso. Hayo ni lazima yasemwe. Lakini wanafunzi wakiishia hapo, huondoka na picha moja tu: Mwafrika aliyefungwa. Mwenye mnyororo haonekani, na asiyeonekana haulizwi. Basi mwalimu aongeze maswali matatu, aliyoyaandika mapema katika maandalio ya somo. La kwanza: nani alinunua, nani aliuza, na kila mmoja alipata nini? Sultani na wafanyabiashara wa pwani wasiachwe nje ya swali hili. La pili: mnunuzi alijiambia nini moyoni ili aone kwamba anayo haki ya kummiliki mtu? La tatu: habari hizi tumezipata kwa nani, na ni nani hakupata nafasi ya kuandika habari zake, hasa wanawake waliochukuliwa?

Mwalimu aangalie mambo mawili. Kwanza, somo hili si la kuwafundisha watoto kuchukia watu wa rangi fulani. Cooper alifundishwa na Wazungu, akashirikiana nao, akawaheshimu waliostahili heshima. Alichokipinga ni cheo kilichojengwa juu ya rangi. Pili, maswali yaleyale yarudi kwa mwalimu mwenyewe. Katika darasa langu, ni nani ninayemhesabu kuwa mwanafunzi wa kawaida? Ni nani ninayemwita ubaoni hisabati inapokuwa ngumu, na ni nani ninayemtuma kuchota maji na kufagia? Je, nimekwisha kuamua, kabla ya kufungua daftari lake, kwamba akili ya mtoto fulani inaishia hapa? Cooper mwenyewe, pamoja na ukali wa macho yake, aliteleza alipowazungumzia Waislamu, kwa sababu hapo alisahau kujiuliza.

Mtoto aliyekuwa mtumwa aliomba kuingia katika darasa la Kiyunani, na mwalimu mmoja akakubali kumpisha mlangoni. Hatuwezi kujua ni yupi kati ya watoto tutakaowafundisha anayeomba mlango huo kwa sauti ndogo. Tunaloweza ni kuhakikisha kwamba kibao kilicho mlangoni mwetu hakimwachi amesimama nje akijiuliza kama naye amehesabiwa.